Samaki wa Boksi na Samaki wa Mtera

Ugogo ni nchi ya ng'ombe, ya mtama na uwele. Wazee wa nchi hii walikula ugali kwa mlenda, kwa maziwa au kwa nyama, na samaki alikuwa mgeni aliyeonekana kwa nadra. Lakini leo, mtu apitaye jioni penye genge lolote la Nkuhungu, katika Jiji la Dodoma, ataona samaki wa kila namna: perege wa kukaangwa, kambale wa kukaushwa kwa moshi, dagaa waliopimwa kwa kisado, na vibua waliotolewa katika boksi wakiwa wagumu kama jiwe kwa baridi. Wote hulala juu ya meza moja, na mnunuzi huuliza neno lile lile kwa kila mmoja: "Mama, huyu bei gani?"

Jibu la swali hilo ndilo tupendalo kulieleza leo. Maana watu wengi hustaajabu kuona samaki aliyesafiri baharini kutoka nchi ya mbali akiuzwa kwa bei iliyo rahisi kuliko perege aliyevuliwa Mtera, mahali ambapo gari hufika kwa saa chache tu. Wengine husema kwamba wachuuzi wa samaki wetu wana tamaa. Wengine husema kwamba samaki wa nje ni mbovu, ndiyo sababu ya urahisi wake. Sisi twaona kwamba maneno yote mawili hayatoshi, na yafaa kila mtu, mwenye kununua na mwenye kuuza, aijue sababu yenyewe.

Njia zinazoleta samaki Nkuhungu

Kwanza natuangalie samaki hutoka wapi. Wa karibu kabisa ni wa mabwawa ya nchi yetu hii ya katikati. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na mpaka leo watu huvua perege humo. Bwawa kubwa zaidi ni la Mtera, lililo katika mto wa Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Ukuta wake ulimalizika mwaka 1980, nao haukujengwa kwa ajili ya samaki bali kwa ajili ya umeme. Maji yakijaa, bwawa hilo hutanda juu ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 660. Walakini maji hayo hayakai mahali pamoja. Wakati wa kiangazi hupungua sana, kwa kuwa hutumika kuzungusha mitambo, na kwa kuwa mto wenyewe huleta maji machache. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila mwaka katika baadhi ya sehemu zake wakati wa kiangazi. Maji yakirudi nyuma, mvuvi hufuata matope, na samaki hupungua ukubwa na wingi. Basi samaki wa Mtera ana majira yake kama mtama ulivyo na majira yake.

Njia ya pili ni ya Ziwa Victoria. Magari yaletayo samaki kutoka Mwanza hupita Shinyanga na Singida, mwendo upatao kilometa 700, yakaingia Dodoma kwa upande huu wa magharibi. Humo huja sato, sangara, na dagaa wengi.

Njia ya tatu ni ya Kigoma, kwa reli ya zamani. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na tangu zamani dagaa wa Ziwa Tanganyika wamesafiri katika magunia kwa njia hiyo.

Njia ya nne ni ya pwani, yapata kilometa 450 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Kwa njia hii huja samaki wa baharini waliovuliwa na watu wetu, na pamoja nao huja samaki wa boksi, yaani waliogandishwa kwa barafu ng'ambo na kushushwa bandarini.

Katika njia hizi zote, watu wanaongoja samaki wamezidi kuwa wengi. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini uhamisho wa Serikali ulishika kasi mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukafanywa Jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha watu wapatao 411,000, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha 765,000. Watoto wa Nkuhungu wameongezeka, bali ukubwa wa bwawa la Mtera haukuongezeka hata kidogo.

Samaki wa nje si jambo jipya

Yafaa tukumbuke kwamba samaki wa kigeni hakuanza kuja jana. Kwa muda wa mamia ya miaka majahazi yaliyoshuka na pepo za kaskazi kutoka Uarabuni, hasa Hadhramaut na Oman, yalileta Mombasa na Unguja papa na samaki wengine waliotiwa chumvi na kukaushwa. Watu wa pwani waliwanunua na kuwala, nao wakiishi kando ya bahari yao wenyewe iliyojaa samaki. Kwa nini walifanya hivyo? Kwa sababu samaki mkavu wa Arabuni alidumu, na alikuwapo hata siku ambazo bahari ilichafuka na ngalawa zikakaa ufukweni.

Hilo ni fundisho la kwanza. Samaki wa nje huingia katika nafasi aliyoiacha samaki wa nyumbani. Hufika siku ambayo wetu hayupo, au yupo lakini ni ghali, au yupo lakini amekwisha kuharibika. Nafasi hiyo ikiwa kubwa, mgeni hukaa. Ikiwa ndogo, mgeni hupita.

Kwa nini samaki wa boksi ni rahisi

Samaki hawa wa boksi ni wa namna mbili. Wa namna ya kwanza ni wa kuvuliwa baharini, kama vibua. Huvuliwa na meli kubwa zenye nyavu zinazozingira kundi zima, nao hugandishwa mara moja kwa baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au kupita hapo. Kwa kuwa meli moja huvua kwa siku samaki ambao mitumbwi mingi haiwezi kuwavua kwa mwezi, gharama ya kila samaki mmoja huwa ndogo.

Wa namna ya pili ni wa kufugwa, hasa samaki wa jamii ya perege na sato. Nchi ya China hufuga samaki wengi kuliko nchi yoyote. Zaidi ya nusu ya mazao yote ya ufugaji wa majini ulimwenguni hutoka huko. Wala jambo hili halikomi China tu. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, viumbe wa majini waliofugwa ulimwenguni walizidi wale waliovuliwa. Wafugaji hao hutumia vifaranga madume watupu, kwa kuwa dume hukua upesi na bwawa halijai watoto wasio na uzito. Chakula cha samaki hutengenezwa huko huko kwa wingi, na kiwanda cha kugandisha hukaa karibu na mabwawa. Kisha boksi huingizwa katika kontena lenye baridi, na meli moja hubeba makontena kwa maelfu. Kwa sababu hiyo, nauli ya kilo moja kutoka ng'ambo ya bahari mpaka Dar es Salaam yaweza kuwa ndogo kuliko vile mtu adhanivyo.

Tena samaki huyo hutozwa ushuru. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia ushuru mmoja wa forodha mwaka 2005, na samaki atokaye nje ya Jumuiya aliwekwa katika daraja la asilimia 25. Pia Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake humtaka mwenye kuingiza samaki apate kibali, na usalama wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Lakini ingawa amelipa ushuru na kupimwa, mara nyingi bado huwa rahisi. Hapo ndipo mvuvi wa kwetu hukuna kichwa.

Mambo yaliyotokea Kenya

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kulionja jambo hili, nasi tukiwa na busara twaweza kujifunza kwao. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa ya samaki, mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi. Watu wengi ambao hawakupata kufuga samaki walifuga. Lakini baada ya msaada wa kwanza kwisha, wengi walishindwa kununua chakula cha samaki, maana kilikuwa ghali, na wengine hawakuwa na barafu wala gari la kupeleka samaki sokoni. Mabwawa mengi yakaachwa yakaota nyasi.

Katika miaka hiyo hiyo samaki wa kufugwa kutoka China waliendelea kushuka Mombasa, wakapelekwa mpaka Kisumu, kando ya Ziwa Victoria kwenyewe, wakauzwa kwa bei ya chini kuliko wa ziwani. Wavuvi na wafugaji wakalia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba haifai samaki wa China waendelee kuingia hali wafanyabiashara wadogo wa Kenya wanaumia, na katazo likatangazwa. Hapo ikaonekana shida ya pili. Wale wachuuzi wa kike waliokuwa wakikaanga samaki wa China na kuwauza barabarani walikosa mali ya kuuza, kwa kuwa ziwa halikuweza kujaza pengo kwa siku chache. Tena nchi ya China nayo ilinung'unika. Katazo hilo halikudumu.

Twajifunza nini? Mlango uliofungwa ghafula humwumiza mchuuzi na mlaji, na mlango ulioachwa wazi bila kuimarisha mabwawa ya nyumbani humwumiza mvuvi na mfugaji. Mambo haya mawili sharti yapimwe pamoja.

Funzo la Mwanza

Watu wengine hufikiri kwamba bei ya samaki huharibiwa na samaki waingiao tu. Walakini bei hubadilishwa na samaki watokao pia. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, akazidi sana miaka ya 1980. Kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikata minofu yake na kuipeleka Ulaya. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa na fedha nyingi kuliko mama wa Mwanza, hivyo bei ufukweni ilipanda, na watu wengi wa kwetu wakabaki kula mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya mnofu kuondolewa. Kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilifunga soko lao zaidi ya mara moja kwa kuhofia uchafu, kipindupindu na sumu. Mara hizo bei ya sangara ufukweni ilianguka, mlaji akafurahi, na mvuvi akaumia.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kutoka 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Katika miezi kama hiyo dagaa wa Kigoma hupungua sokoni, na mnunuzi wa Dodoma hutafuta kitoweo kingine. Akikikuta cha boksi, atakichukua. Haya ndiyo mambo tuliyoyasema hapo juu juu ya nafasi iliyoachwa.

Hesabu ya mchuuzi

Sasa natufanye hesabu. Tarakimu tutakazotumia ni za mfano tu, si bei za soko la leo, lakini msomaji akizifuata ataiona siri yote ya jambo hili.

Tuseme mama mchuuzi wa Nkuhungu amekwenda Mtera akanunua kilo 100 za perege, kila kilo kwa shilingi 6,000. Ametoa shilingi 600,000. Barafu, nauli na upakiaji vimemgharimu shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 660,000.

Barafu yake ilikuwa haba, na gari lilichelewa njiani katika jua. Alipofika, kilo 20 zilikuwa zimelegea na kunuka, hata hakuna aliyezitaka. Amebaki na kilo 80. Ili arudishe fedha zake tu, bila faida ya senti moja, ni lazima auze kila kilo kwa shilingi 8,250.

Lakini katika duka la jirani kuna samaki wa boksi kwa shilingi 7,500. Wanunuzi wake wataulizana, "Jamani, mbona wake ghali hivi?" Nao watakwenda dukani. Mama huyu akikubali kushusha bei mpaka 7,500, atapata shilingi 600,000 kwa kilo zake 80, na hasara yake itakuwa shilingi 60,000. Juma lijalo hatakwenda Mtera. Na yule mvuvi wa Mtera aliyemngoja atauza kwa mtu mwingine kwa bei ya kutupa, au ataacha samaki waharibike.

Haya, natubadilishe neno moja tu. Mama ni yule yule, gharama ni zile zile, na samaki wa boksi yupo pale pale kwa shilingi 7,500. Ila safari hii alipanga samaki vizuri, tabaka la barafu na tabaka la samaki, ndani ya deli lenye kifuniko, naye akasafiri usiku. Zimeharibika kilo 5 tu. Amebaki na kilo 95, na kila moja imemsimamia kwa shilingi zipatazo 6,950. Akiuza kwa bei ile ile ya samaki wa boksi, atapata shilingi 712,500, na faida yake ni shilingi 52,500. Tena kwa kuwa samaki wake ni mbichi, wako watakaompa kidogo zaidi.

Basi tazama, ewe msomaji. Katika safari ya kwanza mama huyu alidhani ameshindwa na China. Kwa kweli alishindwa na jua. Samaki wa nje aliweka kipimo cha bei tu. Hasara yenyewe ilikuwa ndani ya deli lake.

Urahisi una wema wake na hatari yake

Hatupendi mtu adhani kwamba twamtetea samaki wa nje kwa kila neno. Wema wake waonekana. Mlo wa nyumba maskini hupata kitoweo chenye kujenga mwili. Mlaji wa Tanzania, kwa takwimu zilizotolewa na Serikali katika miaka ya karibuni, hula samaki kilo 8 au zaidi kidogo kwa mwaka, hali wastani wa ulimwengu mwaka 2022 ulikuwa karibu kilo 21. Mtoto wa Nkuhungu hawezi kungoja bwawa lijae ndipo ale. Tena samaki wa boksi humzuia mwenye tamaa asipandishe bei bila kiasi siku ambazo samaki wetu ni wachache. Mama lishe naye hujua kwamba atapata samaki wa ukubwa mmoja kila siku, naye aweza kupanga bei ya sahani yake.

Lakini urahisi huo si wetu, nasi hatuna amri juu yake. Samaki wa nje hununuliwa kwa dola. Katikati ya mwaka 2022 dola moja ilikuwa yapata shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 2,600. Tuseme tani moja ya samaki ilikuwa dola 1,500 nyakati zote mbili. Mara ya kwanza ilihitaji shilingi 3,450,000, na mara ya pili shilingi 3,900,000. Samaki ni yule yule, na meli ni ile ile, lakini kila kilo imeongezeka shilingi 450 kabla ya kushushwa bandarini. Kupanda kwa bei ya mafuta ya meli, au ugomvi kati ya nchi na nchi, huweza kufanya vivyo hivyo.

Ikiwa wakati huo wavuvi wetu wamekwisha kuuza mitumbwi yao, na wachuuzi wamekwisha kusahau njia ya Mtera, na wafugaji wamekausha mabwawa yao, tutamwendea nani? Mtu aliyeuza jembe lake kwa sababu unga wa dukani ulikuwa rahisi hujuta mwaka ambao duka limefungwa. Hii ndiyo hatari kubwa. Urahisi wa leo waweza kuwa ughali wa kesho, endapo utakuwa umewaua waliokuwa wakitulisha.

Mashauri kwa wauzaji

Kwanza twasema na wavuvi na wachuuzi. Barafu si gharama ya kupunguzwa. Ni ngao ya fedha zenu. Mtu mmoja peke yake huenda asiweze kununua jokofu au kukodi gari lenye baridi, lakini wachuuzi kumi wakiungana waweza. Ushirika ni jambo lililowafaa wakulima wa kahawa na pamba tangu zamani, nao utawafaa wauzaji wa samaki.

Pili, dagaa waliokaushwa mchangani huingia mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Mnunuzi akitafuna mchanga mara moja hatarudi tena. Dagaa waanikwe juu ya chanja, mbali na ardhi, upepo upite juu na chini. Kazi ni ile ile, bali bei ni nyingine.

Tatu, samaki wadogo wa Mtera na Hombolo waachwe wakue. Anayevua perege wa kidole kimoja kwa nyavu ya matundu madogo hapunguzi nguvu ya samaki wa nje, amwongezea nafasi. Perege huyo huyo, akiachwa miezi michache, atakuwa na uzito wa kumshibisha mtu, na atakuwa amekwisha kuzaa.

Nne, wanaotaka kuchimba mabwawa ya kufugia wakumbuke mambo ya Kenya. Kabla ya kuchimba, mtu ajiulize maneno matatu: maji ya kiangazi nitayapata wapi, chakula cha samaki nitakinunua kwa kiasi gani, na nitamwuzia nani? Katika nchi kavu kama hii yetu, swali la kwanza lashinda yote.

Mashauri kwa wanunuzi

Na mnunuzi naye ana wajibu wake. Samaki wa boksi mara nyingi hufunikwa kwa ngozi nyembamba ya barafu ili asikauke. Barafu hiyo ni maji, nayo hupimwa pamoja na samaki. Mtu akinunua kilo moja kwa shilingi 7,500, na barafu ikishayeyuka akabaki na gramu 850, basi kwa hakika amenunua samaki kwa shilingi zipatazo 8,800 kwa kilo. Huenda perege mbichi wa shilingi 8,000 aliyekuwa mezani pa jirani alikuwa rahisi kuliko yeye. Usilinganishe bei kabla ya kulinganisha uzito.

Kadhalika samaki aliyekwisha kuyeyuka asigandishwe tena. Ukiona boksi limelowa na kubonyea, na samaki wameshikamana katika bonge moja lenye maji yaliyoganda chini, ujue kwamba baridi ilikatika njiani. Samaki mbichi naye ana dalili zake: macho yawe maangavu ya kung'aa wala yasizame, matamvua yawe mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama irudi mahali pake. Wa nje au wa kwetu, aliyeoza ni aliyeoza.

Tena mnunuzi ana haki ya kuuliza samaki katoka wapi, na muuzaji ana wajibu wa kusema kweli. Sato wa boksi akiitwa wa Mwanza, mnunuzi amedanganywa, na muuzaji wa samaki wa Mwanza wa kweli ameibiwa jina lake. Kweli ikisemwa mezani, kila samaki atapata bei anayostahili.

Mwisho

Mwaka 2024 treni ya reli mpya ilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam, nayo hupunguza mwendo wa siku nzima ukawa wa saa chache. Barabara ya lami yaenda Mtera na kupita mpaka Iringa. Njia hizi hazina upendeleo. Zitamleta samaki wa nje kwa upesi, na zitamleta wa kwetu kwa upesi vile vile. Atakayefaidi ni yule aliyejitengeneza kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa Nkuhungu na wa vijiji vyote vya Ugogo, msimchukie mgeni aliyewaletea kitoweo siku ya njaa, wala msimwachie nyumba. Mlaji apime uzito, mchuuzi atunze baridi, mvuvi aache wadogo wakue, na wenye mamlaka waweke ushuru na vibali kwa kiasi, wakiwatazama wote wanne pamoja, yaani mvuvi, mfugaji, mchuuzi na mlaji. Tukifanya hivyo, meza ya Nkuhungu itaendelea kuwa na samaki wa namna nyingi, na yule perege wa Mtera hatakuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe.